Kuatamia: Tarehe ya Mtoto Njiti hadi Ruaha Mbuyuni

Washairi tuna ada ya kulipima neno kabla ya kulipa nafasi katika ubeti, nalo neno njiti ni miongoni mwa maneno yaliyonishughulisha kwa muda mrefu. Asili yake ni kijiti chembamba, aghalabu kile cha kibiriti. Leo, katika vinywa vya Watanzania, katika magazeti na hata katika ukumbi wa Bunge, njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Wazee wetu wa mwambao walisema tu mtoto wa miezi saba, na msikilizaji akafahamu kwamba hapo pana hofu na pana dua. Neno jipya limeshika kwa sababu jambo lenyewe limebadilika. Mtoto aliyekuwa akitajwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi akizikwa kabla ya kupewa jina, sasa anapimwa, anahesabiwa, na ana siku yake ya kimataifa, tarehe 17 Novemba ya kila mwaka.

Hata hivyo si kweli kwamba watu wa kale hawakumfikiria. Wasomaji wetu waliokaa darsani wanaijua hesabu ya maulama kuhusu muda mfupi kabisa wa mimba. Katika Suratul Ahqaf, kuchukua mimba na kumwachisha mtoto ziwa vimetajwa pamoja kuwa ni miezi thelathini. Katika Suratu Luqman, kuachishwa ziwa kumetajwa kuwa ni katika miaka miwili. Toa ishirini na nne katika thelathini, inabaki sita. Imepokewa kwamba hesabu hiyo ndiyo iliyomwokoa mwanamke mmoja aliyejifungua miezi sita baada ya ndoa yake na akatuhumiwa uzinifu. Wapo wanaoitia kadhia hiyo katika zama za Sayyidna Umar, na wapo wanaoitia katika zama za Sayyidna Uthman. Sipati mfano mwingine wa hesabu ya kutoa iliyokuwa na uzito mkubwa kama huo. Lakini hesabu ile ililinda heshima ya mama na nasaba ya mtoto. Namna ya kumfanya mtoto huyo aishi ilikuwa ni suala jingine, nalo liliachiwa wakunga na majaaliwa.

Upande wa matabibu ulikuwa na makosa yake. Katika maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates wa Uyunani mna risala nzima juu ya mtoto wa mwezi wa nane, isemayo kwamba wa mwezi wa saba huweza kuishi ilhali wa nane hafui dafu. Matabibu walioandika kwa Kiarabu waliipokea kauli hiyo, ikasafiri na vitabu na biashara, na mpaka leo utaisikia kwa bibi asiyepata kulisikia jina la Hippocrates. Ni kauli potofu. Kila wiki inayoongezeka tumboni ni tumaini linaloongezeka, na wa miezi nane yuko karibu na ufuko kuliko wa saba.

Sasa nimwombe msomaji wa visiwani tuvuke bahari, tupande basi la Mbeya. Ukishapita Mikumi, njia kuu huingia katika bonde la mibuyu lenye joto, ukiongozana na Mto Ruaha Mkuu, hadi kufika Ruaha Mbuyuni, katika wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Abiria wengi hukijua kijiji hicho kwa vitunguu. Magunia hupangwa kando ya barabara, mavuno ya mashamba ya umwagiliaji, na wachuuzi huyakimbilia madirisha ya mabasi. Kutoka hapo njia hupanda Kitonga, kona baada ya kona, malori yakikokota upande mmoja na jabali likiinama upande wa pili, mpaka Ilula, na kisha Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wilaya ya Kilolo ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2002, na sehemu yake kubwa iko huko juu, kwenye ukungu, misitu na baridi. Ruaha Mbuyuni ni kama mtoto wa mkoa aliyelala sakafuni karibu na jiko ilhali nduguze wako darini.

Kwa msafiri, mabadiliko hayo ni habari ya sweta tu: aliyevua kofia bondeni huivaa tena Ilula. Kwa mtoto wa kilo moja na robo ni habari ya uhai. Mama akijifungua njiti katika bonde lile, njia zake za hospitali ni mbili: kurudi nyuma Mikumi, kwenye hospitali ya misheni ya Mtakatifu Kizito, au kupanda Kitonga kuelekea Ilula, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Iringa, au Tosamaganga. Ukipanda, basi unamtoa mtoto katika joto na kumpeleka katika baridi, saa zile zile ambazo mwili wake hauwezi kujitetea.

Niieleze hali ya mwili huo, maana ndani yake mna tarehe yote inayofuata. Mtoto aliyetimia huzaliwa na mafuta chini ya ngozi, na pia na mafuta ya namna ya pekee, shingoni na katikati ya mabega, ambayo kazi yake ni kuungua taratibu na kuleta joto. Mafuta hayo huwekwa katika wiki za mwisho za mimba. Njiti huja bila ya akiba hiyo. Hatetemeki kama tunavyotetemeka sisi. Ngozi yake ni nyembamba, na ni kubwa mno kwa uzito alio nao, kwa hiyo joto humtoka kama maji katika kifuu kilichotoboka. Akipoa hutumia sukari yake na hewa yake kujaribu kujipasha; sukari ikipungua hulegea; akilegea hanyonyi; asiponyonya hupoa zaidi. Tena kabla ya wiki ya 34 hivi bado hajajua kuoanisha kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi, hata ziwa likiwa mdomoni. Mtoto huyo aweza kufa akiwa mzima wa viungo vyote, kwa baridi na njaa tu, katikati ya watu wanaompenda.

Wazungu walilijua hilo kama tulivyolijua sisi, na kwa muda mrefu hawakuwa na dawa zaidi ya pamba, chupa za maji ya moto na kukaa karibu na meko. Mageuzi yalianza Paris, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Tabibu wa uzazi Stéphane Tarnier aliviona vyombo vya kutotoleshea mayai ya kuku katika bustani ya wanyama ya jiji hilo, akamwomba fundi wa vyombo hivyo, Odile Martin, amtengenezee kimoja cha kulaza watoto. Lilikuwa ni sanduku lenye kuta mbili, likipashwa joto kwa maji ya moto. Hivyo kiatamizi cha watoto ni mjukuu wa kiatamizi cha mayai, na neno letu la kuatamia, ambalo ni la kuku mwenye subira aliyelalia mayai yake, linalichukua jambo hili bila ya kuazima chochote kwa Mfaransa.

Mwanafunzi wa Tarnier, Pierre Budin, aliona jambo ambalo wengine walichelewa sana kuliona. Katika kitabu chake cha mwaka 1900 alieleza kwamba mama aliyetengwa na mtoto wake, asiyemnyonyesha wala kumhudumia, moyo wake hupoa juu yake, na wako waliowatelekeza kabisa. Alitaka mama awe karibu na sanduku. Ushauri huo haukufuatwa. Hospitali za karne ya ishirini ziliogopa vijidudu, na kwa haki ziliviogopa, lakini zikamhesabu mama miongoni mwa vijidudu. Mlango ukafungwa, dirisha la kioo likawekwa, na mama akapewa saa za kutazama.

Jambo la ajabu ni kwamba wakati akina mama wakizuiwa, wapita njia waliruhusiwa. Martin Couney, aliyeanza na maonyesho ya Berlin ya mwaka 1896, aliwaonyesha watoto njiti ndani ya viatamizi katika viwanja vya starehe vya Coney Island, New York, kuanzia mwaka 1903 hadi 1943. Watu walilipa senti 25 kuingia, kati ya pembea na wauza vitafunio. Wazazi hawakutozwa chochote. Kiingilio ndicho kilicholipa wauguzi na maziwa. Ni rahisi kumcheka, lakini hospitali nyingi za Marekani za zama hizo hazikuwa na pa kuwaweka watoto wale, naye alikuwa na pahala. Yamkini ni kiwanja pekee cha starehe ulimwenguni ambacho mtu aweza kukiombea dua njema.

Mashine iliendelea, na kila ilipopiga hatua ilileta ilimu na balaa. Kilo mbili na nusu, kipimo ambacho mpaka leo hutenganisha uzito wa kawaida na uzito pungufu katika kila zahanati yetu, kilienezwa na Arvo Ylppö wa Finland, ambaye mwenyewe alizaliwa kabla ya wakati mwaka 1887 na akaishi hadi 1992. Katika miaka ya 1940 hewa ya oksijeni ilimiminwa viatamizini bila ya kipimo, na maelfu ya watoto wakapofuka, kwa kuwa hewa hiyo ikizidi huharibu mishipa ya macho machanga. Mwimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa Michigan mwaka 1950, ni mmoja wao. Na tarehe 7 Agosti 1963 mke wa Rais Kennedy wa Marekani alijifungua mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu kabla ya wakati. Alikuwa na kilo mbili na gramu mia moja hivi, uzito ambao muuguzi wa leo wa Iringa hauoni kuwa wa kutisha sana. Mapafu yake yalikosa ule ute unaozuia vifuko vya hewa kugandana. Aliishi saa 39. Utajiri wa dola kubwa ulikuwa pale na haukufaa kitu, kwa kuwa ilimu ilikuwa bado haijafika.

Hatua iliyofuata haikutoka katika dola yoyote kubwa. Mwaka 1978, katika hospitali ya akina mama ya Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, tabibu Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko viatamizi. Walilazwa wawili watatu ndani ya kimoja, wakaambukizana maradhi, wakafa. Na mama zao, ambao hawakuwagusa kwa wiki nyingi, wengine hawakurudi kuwachukua. Rey, na baadaye mwenzake Héctor Martínez, waliwatoa watoto sandukuni na kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyomweka mwanawe mfukoni. Ziwa liko karibu, joto ni la mwili, na pumzi za mama humkumbusha mtoto kuvuta zake anapozisahau. Ulaya walidhani ni dawa ya maskini. Huku Afrika, mwishoni mwa miaka ya 1980, katika hospitali ya misheni ya Manama, kusini mwa Zimbabwe, ambako hapakuwa na viatamizi vya kutosha, Nils Bergman na Agneta Jürisoo waliijaribu kwa watoto wa chini ya kilo moja na nusu. Awali katika kila kumi aliishi mmoja. Baadaye waliishi watano.

Hapo tena mfasiri ndani yangu huinuka. Tumelipokea jina la kangaruu, na akina mama katika wodi zetu hulitamka bila ya taabu, ingawa mnyama mwenyewe hajapata kukanyaga pwani yetu. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kumchukua mtoto. Twapakata, twaeleka, twabeleka, twakumbatia. Kupakata ni mapajani. Kubeleka ni mgongoni, na nguo yake ni mbeleko. Lakini sikupata kitenzi cha kumfunga mtoto mtupu kifuani usiku na mchana. Wako wanaosema kwamba jambo hili lilikuwa letu tangu hapo, likaibiwa na kurudishwa kwa jina la kigeni. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Mbeleko ni ya mtoto aliyekwisha kaza shingo. Na mila zetu, pamoja na uzuri wake, nyingi zilimkimbiza mtoto majini mara tu alipozaliwa, ilhali leo Shirika la Afya Duniani linashauri asioshwe hadi zipite angalau saa 24. Na zipo jamii zilizoimwaga dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, zikidhani ni uchafu. Kama ningelipewa ruhusa ya kuita, ningeliita kuatamia. Kuku haondoki juu ya mayai kwa kuwa saa ya kutazama imekwisha.

Tena Tanzania ina sehemu yake katika ushahidi, jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Hadi miaka ya karibuni kanuni ilikuwa kwamba mtoto atulie kwanza katika kiatamizi, kwa siku kadhaa, ndipo apewe mama. Vifo vingi vilitokea katika siku hizo hizo za kusubiri. Baina ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2020 hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, zilifanya majaribio ya kumweka mtoto kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Kwetu ilikuwa Muhimbili, Dar es Salaam. Watoto 3,211 walihusishwa, wa uzito wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo moja na gramu mia nane, mradi waweze kupumua wenyewe. Kundi moja lilikaa kifuani takriban saa 17 kwa siku. Jingine, lililofuata kanuni ya zamani, lilipata saa moja na nusu tu katika kipindi cha uangalizi maalumu. Katika kundi la pili walikufa asilimia 15.7 ndani ya siku 28. Katika la kwanza asilimia 12. Wasimamizi waliona haifai kuendelea kuwanyima wengine, wakasimamisha majaribio kabla ya muda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake kwa ulimwengu mzima, Ulaya ikiwemo.

Ili jambo hilo liwezekane ilibidi kitanda cha mama kiingizwe ndani ya chumba cha uangalizi maalumu. Yaani mlango uliofungwa juu ya Budin ulifunguliwa, baada ya miaka 120. Ningependa vitabu vya tarehe viandike pia kwamba dawa iliyopimwa ilikuwa ni miili ya wanawake. Majina ya matabibu tunayo. Ya mama wale hatuyajui, na bila ya wao kuketi wima saa 17, wengine na mishono ya upasuaji haijapona, pasingekuwa na cha kuchapisha.

Turejee bondeni. Tarakimu za taifa zinaonyesha kwa nini jambo hili ni zito. Katika utafiti wa mwaka 2004 na 2005 walikufa watoto wachanga 32 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai, kabla ya kutimiza mwezi. Mwaka 2010 walikuwa 26. Mwaka 2015 na 2016, 25. Mwaka 2022, 24. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa jumla vilishuka kwa kasi, kutoka 67 hadi 43 baina ya tafiti hizo mbili za mwisho, lakini mwezi wa kwanza umegoma kushuka. Chandarua na chanjo havimfikii njiti wa siku mbili. Kinachomfikia ni joto, maziwa, hewa iliyopimwa, na usafiri.

Usafiri ndio fumbo la Ruaha Mbuyuni. Tangu 2022 mpango wa m-mama umekuwa ukienezwa nchi nzima, Bara na Visiwani. Mtoa huduma hupiga namba 115 bila ya malipo, na gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa kijijini ambaye amekwisha sajiliwa na hulipwa kwa safari hiyo. Ni ubunifu mzuri. Lakini gari, liwe la dereva au la wagonjwa, halina kiatamizi cha kumpandisha mtoto Kitonga nyuma ya lori la saruji. Kiatamizi cha njia hiyo ni kifua cha mama, au cha bibi, au cha baba ikiwa mama amebaki katika chumba cha upasuaji. Kofia kichwani mwa mtoto, soksi, nepi, na mwili uliobaki mtupu juu ya mwili mtupu, umefungwa kwa kanga na kufunikwa kwa blanketi. Sijui nguo iliyotumikia mengi kuliko kanga, na hili waliozishona beti za sifa zake hawakulitia.

Kuna jambo la sheria nalo. Baada ya miaka ya kampeni, iliyoongozwa na Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, sheria ya kazi ya Tanzania ilirekebishwa mwaka 2025. Mama aliyejifungua kabla ya wakati huongezewa wiki zilizobaki hadi kutimia 40, ili likizo yake ya uzazi isiliwe na wodi. Ni sheria ya kiungwana. Bali ni ya mwenye mwajiri. Mwanamke anayepalilia vitunguu Ruaha Mbuyuni, katika shamba lake au kwa kibarua cha siku, hana wa kumpa likizo; na kuatamia kunataka mtu asiyeinama. Hawezi kupalilia na mtoto wa kilo moja na nusu kifuani, wala kubeba ndoo, wala kusimama juani dirishani mwa basi. Wiki hizo sita au nane ni lazima ziwe na mtu wa kuzilipia: mume, mama mkwe, jirani. Uzazi wetu wa mwambao ulijua jambo hilo, ndiyo maana tukawa na arobaini. Mzazi aliwekwa ndani, akapikiwa, akakandwa, na hakuna aliyemwita mvivu. Ikiwa pana mila moja ningelitaka isafiri kutoka visiwani hadi lile bonde la mibuyu, basi ni hiyo.

Anaporuhusiwa kurudi, mama huteremka Kitonga na mtoto wake kifuani, kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto la Oktoba na Novemba, na hapo swali hubadilika: je, katika jua lile aendelee kumfunga? Jibu la wauguzi ni kwamba aendelee, mradi atafute kivuli, apunguze nguo za juu, na apime. Joto la mwili wa mtoto libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Huendelea hivyo, akirudi kliniki kumpima uzito, mpaka mizani ifike kilo mbili na nusu au mtoto mwenyewe achoke. Wakati huo huwa hatulii tena kifuani. Hupiga mateke, huchomoa mkono nje ya kanga na kulia asipoachwa. Hapo mama huambiwa kwamba sasa aweza kumfungua. Mgongo utangoja hadi shingo ikaze.